Mwili Unapozoea Dawa Kali za Maumivu
Mofini, pethidini, kodeini na tramadoli ni dawa za jamii ya afyuni. Hutuliza maumivu kwa kuzuia taarifa zake katika ubongo na uti wa mgongo. Zikitumiwa kwa cheti cha daktari, huwapa nafuu kubwa wagonjwa wa saratani, majeruhi na waliofanyiwa upasuaji.

Tunawaomba wasomaji watofautishe mambo matatu. Mwili kuzoea dawa ni pale dozi ileile inapopungua nguvu. Mwili kutegemea dawa ni pale mgonjwa anapougua dawa ikikatizwa ghafla. Uraibu ni kuitafuta dawa bila kujizuia, hata inapomdhuru mtumiaji. Mgonjwa mwenye mawili ya kwanza peke yake si mraibu. Asinyimwe dawa kwa hofu hiyo.

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa Kisarawe anayefuata mofini yake hospitali mjini Kibaha. Nauli ikikosekana, dawa humwishia. Ndani ya siku moja hivi huanza kutokwa jasho na makamasi, kuumwa misuli, kutapika, kuhara na kukosa usingizi. Hali hiyo ndiyo mitaani huitwa arosto. Hutesa, na kuhara kunaweza kumkausha maji mwilini.

Hatari kubwa zaidi huja baadaye. Akikaa bila dawa kwa siku kadhaa, mwili hupoteza mazoea yake. Dozi aliyoimudu mwezi uliopita sasa yaweza kuzuia pumzi na kumuua. Kwa hiyo asirudie dozi ya zamani kabla ya kumwona mtaalamu wa afya.

Mtumiaji azingatie haya:

• Afuate dawa kabla haijaisha, na asiache ghafla. Daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua.

• Asichanganye na pombe wala dawa za usingizi.

• Asimpe mtu mwingine, na aifungie mbali na watoto.

• Asinunue tramadoli bila cheti.

Mgonjwa akipumua polepole, akawa haamshiki na mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, apelekwe hospitali mara moja. Ipo dawa ya kumwokoa, nalokisoni.

Aliyekwisha kuingia katika uraibu naye ana tiba. Huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kwa wakazi wa Pwani hutolewa pia Tumbi, Kibaha.