Dondoo muhimu: Wape wafu madai

Ukibuni tukio la uamuzi kwa kundi la wafu katika mchezo wa mikakati, wape madai, si kiu ya damu pekee. Kwa mfano, Waiteso wa Tororo na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, walizijua ipara, roho za wafu zenye ulafi na usumbufu. Zamani mifupa ilifukuliwa miaka kadhaa baada ya maziko ili marehemu asiwakasirikie walio hai. Ukilihamishia hilo mchezoni, kila njia ina gharama: mchezaji akifukua, wimbi wa ghalani uishie kwenye mtungi wa ajon (pombe ya wimbi) ya tambiko; akiacha, maradhi yaingie kambini. Atakayehofia kuwa mila itadhalilishwa ana hoja nzito. Basi chukua mantiki hiyo ya madai, na jina la ipara usiliguse.