Uchovu Usiokwisha: Tutafute Chanzo

Mama akichoka kila siku na kushikwa na kizunguzungu, tusimnunulie tu dawa za maumivu dukani. Pengine damu imepungua, na akiwa mjamzito hiyo ni hatari wakati wa kujifungua. Tumpeleke zahanati apimwe damu. Halafu tuulize: imepungua kwa nini?

Minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo na kunyonya damu tumboni. Tuvae viatu, tutumie choo.

Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga. Tungoje saa nzima baada ya kula, ndipo tunywe. Chungwa au limau husaidia. Tembe za kuongeza damu zimezwe kwa maji, si kwa chai.

Swali la kikundi: Kwetu chai hunywewa wakati gani?