Kuiendesha Kompyuta Iliyo Mbali

Baba yangu mdogo ana duka la kupiga chapa barua mtaani Buyenzi, nami nakaa bwenini. Kila kompyuta yake ilipogoma, ilinibidi niombe ruhusa, nivuke mji, na pengine kosa lenyewe lilikuwa la kubonyeza mahali pamoja tu. Basi nikatafuta programu ya kuiendesha kutoka shuleni, nyepesi na isiyolipiwa.

Kazi yake ni hii: kompyuta ya mbali huleta picha ya kioo chake, nayo yetu hupeleka mwendo wa kipanya na herufi tuzibonyezazo. Ufundi huu si mgeni. VNC ilitoka katika maabara moja ya Cambridge, Uingereza, ikatolewa bure tangu miaka ya 1990.

Kwanza nilijaribu njia iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Haikufaa, kwa kuwa Windows ya Home huweza kuendesha nyingine lakini yenyewe haikubali kuendeshwa kwa njia hiyo. VNC nayo ilinishinda, maana duka hupata intaneti kwa simu, na kompyuta iliyo nyuma ya simu haina anwani ya kufikiwa na mtu wa nje. TeamViewer na AnyDesk huvuka kizuizi hicho kwa kupitia kompyuta ya katikati, ila ni bure kwa mambo ya nyumbani tu, na duka ni biashara. Nikachagua RustDesk: hupita njia kama hiyo, haimkatazi mwenye duka, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma. Intaneti ikizorota, napunguza uzuri wa picha. Umeme ukikatika, hapo hakuna programu itakayosaidia!

Lakini sikilizeni. Siku moja mtu asiyejulikana alimpigia simu baba mdogo, akasema ametumwa kutengeneza kompyuta. Baba mdogo akamsomea nambari ya programu yote! Alikuwa akitafuta neno la siri, mara akaingia mteja, akakata simu. Mle ndani mna barua za watu na nakala za vitambulisho vyao.

Sasa tumeiweka isimfungulie mtu ye yote mpaka yeye mwenyewe abonyeze kukubali. Nami humpigia simu kwanza. Hunisalimu kwa kirefu, aijue sauti yangu, kisha huketi akikitazama kishale mpaka nimalize.