MTEJA ANATAKA KOMPYUTA YA GEMU NA HELA NI NDOGO: UMPE PROSESA IPI?

Leo somo ni la wale tunaouza kompyuta za mtumba mtandaoni, hasa za mezani zilizotoka maofisini.

Mteja anaingia inboksi: "Boss, nataka mashine ya gemu, i7, bajeti ndogo." Ukimtumia i7 yoyote uliyonayo, leo umeuza. Kesho anapiga simu, gemu inakwamakwama, anarudisha mzigo. Nauli ya kwenda na kurudi ni juu yako, faida imeisha. Wengine wananunua kwa ajili ya banda la gemu mtaani. Mashine ikigoma, siku hiyo hajaingiza kitu. Kwa hiyo twende taratibu.

1. ULIZA ANACHEZA NINI
Gemu za kompyuta zenyewe na gemu za PlayStation za zamani ni mizigo miwili tofauti. Za PlayStation zinachezwa kwa emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine nyingine. Kila amri inatafsiriwa papo hapo, na anayetafsiri ni prosesa. Ndiyo maana gemu ya PS2 ya mwaka 2004 inaweza kuitesa kompyuta ya sasa.

- PSP (emuleta PPSSPP): nyepesi, hata simu ya kawaida inacheza gemu nyingi.
- PS2 (PCSX2), GameCube na Wii (Dolphin): nguvu ya kori moja moja ndiyo inaamua. Kori nyingi zenye mwendo mdogo hazisaidii sana.
- PS3 (RPCS3): inataka kori zenye nguvu na ziwe nyingi. Kwa bajeti ndogo usimwahidi mtu.

2. USIISHIE KWENYE "i7", SOMA NAMBA ZINAZOFUATA
i5-4590 ni jenereshen ya 4. i3-12100 ni ya 12. Sasa angalia: i7-2600 ya mwaka 2011 ina kori 4 na thredi 8. i3-12100 nayo ina kori 4 na thredi 8, lakini kori zake zina nguvu kuliko za ile i7 kwa mbali.

Soma na herufi ya mwisho:
- U ni ya laptopi, imetengenezwa kubana umeme. i7-4600U ina kori 2 tu, wakati i5-4590 ya mezani ina 4.
- F ya Intel haina picha ya ndani. Bila kadi ya picha, kioo kitabaki cheusi.
- G ya Ryzen za mezani ina picha ya ndani inayocheza gemu za kawaida.

3. NGAZI TATU ZA BAJETI
Chini: i5-4570 au i5-4590. Kwa nini si jenereshen ya 2 au ya 3? Ya 4 ndiyo ilikuja na AVX2, amri zinazoisaidia PCSX2. GTA V iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015 ilipendekezewa i5-3470, kwa hiyo prosesa hizi zinatosha. Lakini mwambie kadi ya picha ni lazima.

Kati: Ryzen 3 2200G au Ryzen 5 2400G, kwa asiye na hela ya kadi. Muwekee RAM mbili za 4GB badala ya moja ya 8GB. Picha ya ndani inatumia RAM hiyo hiyo, na mbili zinapitisha data haraka zaidi.

Juu kidogo: i3-12100F pamoja na kadi ya picha, au Ryzen 5 5600G bila kadi.

Celeron N4000 uza kwa wanafunzi na kazi za ofisi. Kwa PS2 usijaribu.

Windows 10 ilimaliza muda wake Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 rasmi inataka jenereshen ya 8 kwenda juu. i5-4590 na 2400G hazimo. Mwambie mteja kabla hajalipa.

4. KABLA YA KUTUMA MZIGO
- Badilisha pasta ya prosesa, toa vumbi. Ikipata moto sana inajipunguzia mwendo yenyewe.
- Cheza gemu anayotaka dakika 20, rekodi video, onyesha na jina la prosesa kwenye CPU-Z. Video hiyo ndiyo ushahidi wako.
- Kasha dogo la ofisi linataka kadi ya picha fupi isiyokula umeme mwingi. Pima kwanza.
- Usijaze gemu za kunakili. Emuleta ni za bure, ila gemu na BIOS ni mali za watu. Wewe uza mashine.

UJUMBE WA KUNAKILI:
"Karibu boss. Unataka kucheza gemu gani hasa? Kioo na kadi ya picha unavyo? Bajeti yako ni kiasi gani, na nauli imo?"

Majibu hayo matatu yakija, namba ya prosesa inajichagua yenyewe. Hifadhi somo hili, utalihitaji mteja mwingine wa "i7" akiingia.