Kazi za Mikono katika Nchi ya Wamakonde

Msafiri atokaye Masasi kwenda Newala huiacha nchi ya chini yenye majabali makubwa, akapanda mpaka juu ya uwanda wa Makonde. Akisimama Newala na kutazama kusini, huliona bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni nchi ya Msumbiji. Wamakonde hukaa pande zote mbili za mto huo, nao husifiwa tangu zamani kwa kazi za mikono.

Juu ya uwanda huo mvua hunyesha, lakini mchanga huyanywa maji upesi, na chemchemi ziko mabondeni. Kwa hiyo zamani wanawake walishuka na kupanda, mitungi kichwani. Mitungi hiyo waliifinyanga wenyewe kwa mikono tu. Waliutwanga udongo, wakaulainisha kwa maji, wakafinyanga chombo na kukitia nakshi kingali kibichi. Kilipokauka wakakichoma kwa kuni. Baadaye zikaja ndoo za bati, na kisha za plastiki, ambazo hazivunjiki upesi. Wanunuzi wa mitungi wakapungua, na mabinti wengi wakaacha kujifunza kwa mama zao. Kazi ikikosa mnunuzi, hukosa na mwanafunzi.

Wanaume walichonga. Kwa mti mwepesi walichonga vinyago vya kuvaliwa ngomani, viitwavyo mapiko. Wageni walipoanza kununua sanamu, mafundi walizidi kutumia mpingo. Kiini cha mpingo ni cheusi, tena kigumu na kizito, hata kipande chake kikitiwa majini huzama. Fundi huanza kwa tezo, kisha hushika patasi, baadaye tupa, na mwisho msasa, mpaka sanamu ing'ae. Lakini mpingo ukikauka kwa haraka hupasuka, na kazi ya siku nyingi hupotea.

Wachongaji wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Wengine waliendelea mpaka Dar es Salaam, na huko Mwenge pana soko kubwa la vinyago. Sanamu yao iitwayo ujamaa, yenye watu wengi waliobebana katika gogo moja, imejulikana duniani.

Hata hivyo mchongaji ana shida tatu. Ya kwanza ni mti wenyewe. Mpingo hukua polepole sana: huchukua miaka 70 au zaidi kufaa kukatwa kwa mbao. Nao hutakiwa na wengi, kwa maana Ulaya na Marekani hutengenezewa ala za muziki kama klarineti na oboi. Shida ya pili ni bei. Fundi aliye mbali na soko humwuzia mchuuzi, naye mchuuzi humwuzia mgeni. Faida kubwa hubaki njiani. Shida ya tatu ni udanganyifu. Watu wengine huchonga mti hafifu, wakaupaka rangi nyeusi na kuuita mpingo. Mnunuzi akidanganywa mara moja, humshuku hata fundi mwaminifu.

Je, pana dawa? Kaskazini ya nchi hiyo, katika wilaya ya Kilwa, wanavijiji walianza kuitunza misitu yao wenyewe, wakikata miti michache kwa hesabu. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata hati ijulikanayo katika nchi nyingi, ya kushuhudia kwamba msitu wao hutunzwa vema. Mti wa namna hiyo huweza kuuzwa kwa bei nzuri, na mwingine ukabaki msituni kukua.

Mpingo unaokatwa leo huenda uliota kabla babu wa mwanafunzi hajazaliwa. Na mche utakaotunzwa leo watauchonga wajukuu.

MASWALI
1. Kwa nini wanawake wa uwandani walihitaji mitungi?
2. Taja vyombo vinne vya mchongaji kwa taratibu ya kutumiwa kwake.
3. Utautambuaje mpingo wa kweli?
4. Katika shida tatu za mchongaji, ipi ni kubwa kuliko zote? Toa sababu zako.