Dondoo muhimu: Kuvuka korongo kwa gari la gia za mkono

Mwandoya, wilayani Meatu, mteremko unaotesa madereva ni kingo za makorongo. Simamisha gari, shuka, pita kwa miguu kwanza. Udongo mweusi wa mbugani ukiwa umelowa na unaganda kwenye soli ya kiatu, subiri ukauke. Tope lile halina fundi.

Land Cruiser nyingi za zamani zina habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Zifunge ukiwa bado tambarare, kisha ingiza foo-wili, gia nzito.

Kushuka: namba moja, mguu mbali na klachi, injini ishike gari. Ukikanyaga klachi gari linajiachia, na ukibana breki kwa nguvu tairi zinaserereka.

Kupanda: chagua gia mapema, usibadilishe katikati. Injini ikizimika, kanyaga breki na klachi, ingiza rivasi, washa, achia klachi polepole, rudi nyuma ukiwa umenyooka. Usithubutu kukata kona mlimani. Gari likikaa ubavu, ni rahisi kupinduka. Na abiria? Wapande kwa miguu, hata wakinung'unika.