Matembezi ya Jumamosi na Watoto Wadogo

Wengi wenu mnaosoma kitabu hiki mna wadogo zenu nyumbani. Siku za kazi wadogo hao hutunzwa na mama, au bibi, au yaya. Lakini siku ya Jumamosi, jamaa yote itokapo kwenda kutembea, kazi ya kuwatunza hugawanyika, na sehemu kubwa huwaangukia ninyi, kaka na dada. Kwa hiyo somo hili ni lenu zaidi kuliko la wazee wenu. Twataka kujua kwa nini safari ya watoto wadogo huwa na ghasia nyingi, tena ni njia gani ya kuizuia ghasia hiyo isigeuke kuwa msiba.

Kwanza, yafaa tukubali kwamba ghasia yenyewe si dhambi. Mtu mzima hutembea ili afike aendako. Mtoto wa miaka 4 hajui saa, wala hana haja ya kufika. Akiona kaa mchangani husimama, akiona mbuzi humfuata, akichoka huketi papo hapo njiani. Miguu yake ni mifupi, na tumbo lake ni dogo, hata njaa na kiu humrudia upesi. Mtu ampigaye mtoto huyo kwa sababu amechoka, ampiga kwa kuwa mtoto.

Na tuifuate katika fikira zetu jamaa moja ya Mombasa, wakaao Majengo, walioazimia kuvuka Likoni waende pwani ya Shelly Beach. Walikuwa watu 8: Baba, Mama, Bibi, mvulana wa miaka 13, msichana wa miaka 11, na wadogo watatu, yaani wa miaka 6, wa miaka 4, na mchanga wa miezi 9.

Walikusudia kuondoka saa 2 asubuhi. Saa 2 ilipofika, kiatu kimoja cha mtoto wa miaka 4 hakikuonekana. Kilipopatikana chini ya kitanda, mchanga alikuwa amekwisha kutapika maziwa juu ya nguo yake safi. Alipobadilishwa nguo, yule wa miaka 6 alikuwa amefungua kikapu na kula mahamri mawili ya safari. Baba akaanza kupaza sauti, lakini Bibi, aliyekuwa ameketi barazani tangu saa 1, akasema, "Mwanangu, usijitie taabu. Leo mdogo ndiye nahodha. Akitweka tanga tutatweka, akishusha tutashusha." Wakaondoka saa 3 unusu.

Wakafika penye feri ya Likoni. Watu wa miguu huvuka hapo bila malipo, nao ni wengi mno. Hungoja pamoja, na njia ifunguliwapo husonga mbele kama maji ya mfereji. Wakati ule ule mtoto wa miaka 6 akasema ana kiu, na mdogo wake akasema ana haja. Baba akaitazama feri, akawatazama watoto, akasema, "Haidhuru. Itakuja nyingine." Neno hilo lilikuwa la hekima. Watu wa Mombasa hawaisahau tarehe 29 Aprili 1994, ambayo feri ya Mtongwe, jirani na Likoni, ilizama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Afadhali kukawia ng'ambo hii kuliko kukimbilia chombo pamoja na watoto.

Feri ya pili ilipokuja walipanda kwa taratibu. Baba alimbeba mtoto wa miaka 4, kwa maana mtoto mfupi katikati ya msongamano haoni kitu ila miguu ya watu, na akiuacha mkono wa mzazi hajui arudi upande gani. Msichana alimshika mdogo wake wa miaka 6 kwa kiganja, si kwa vidole, maana vidole huteleza. Mama alimweka mchanga kifuani badala ya mgongoni, apate kumwona. Wakasimama mbali na milango ya chombo.

Walifika pwani karibu na saa 5. Mwezi ulikuwa mpevu, na bahari ilikuwa imekwenda mbali, mchanga umekuwa mpana kama uwanja. Mvulana akataka kutandika mkeka karibu na maji. Bibi akakataa. "Mjukuu wangu," akasema, "waona mstari ule wa mwani mkavu kule juu? Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Mtu mwenye watoto huketi juu ya mstari huo, si chini yake."

Bibi hakusoma jambo hilo kitabuni, lakini maneno yake ni ya kweli, na sababu yake ni hii. Bahari huvutwa na mwezi, na jua pia. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na zaidi kidogo. Toka kujaa hata kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, mwezi na jua huvuta kwa pamoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo huitwa bamvua. Katikati ya nyakati hizo huwapo maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua hapa Mombasa maji huweza kupanda zaidi ya mita 3. Aghalabu hupwa asubuhi, yapata saa 4, kisha hurudi mchana na kujaa jioni. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja: huanza polepole, na katika saa ya tatu na ya nne huenda mbio kuliko zote. Basi jamaa ifikayo asubuhi na kuona mchanga mkavu hudanganyika kwa urahisi. Saa ya chakula cha mchana ndiyo saa maji yajapo kwa kasi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jamaa yetu. Saa 7 walikula, wakanunua madafu, na Baba akashika mazungumzo na rafiki yake wa kazini. Mama alikuwa akimnyonyesha mchanga. Ghafula akauliza, "Yuko wapi mwenzenu?" Mama alidhani yule wa miaka 4 yuko na Baba. Baba alidhani yuko na dada yake. Dada alidhani yuko na Bibi. Bibi alidhani amelala juu ya mkeka, nyuma ya kikapu. Watu watano wenye akili walikuwapo, na kila mmoja aliweza kuapa kwamba mtoto ana mtu wa kumwangalia.

Bibi akasema, "Majini kwanza!" Mvulana akatimua mbio kwenda ufukoni, na Baba nyuma yake. Wakamkuta ameketi nyuma ya ngalawa iliyopumzishwa mchangani, akijaza mchanga katika kifuu cha nazi na kuimba peke yake. Maji yalikuwa yamekwisha kuilowanisha tezi ya ngalawa ile, na wimbi moja lilikuwa limemfikia miguuni. Alipomwona kaka yake alicheka, akamwonyesha kifuu.

Msichukue hadithi hii kuwa ni ya kuchekesha tu. Mtoto mdogo aweza kufa maji katika maji yasiyofika magoti ya mtu mzima, tena mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, kwa kuwa hana pumzi ya kulia. Ndiyo sababu Bibi alisema waanze kutafuta majini. Mtoto aliyepotea mahali pakavu aweza kungoja. Aliye majini hawezi kungoja hata dakika chache.

Jambo kama hili si geni. Katika Injili ya Luka, mlango wa pili, twasoma kwamba Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12, Yusufu na Mariamu walitoka Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka, wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba yumo katika msafara. Walipomtafuta kwa jamaa zao hawakumwona, wakarudi Yerusalemu, wakampata hekaluni baada ya siku tatu. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walikuwa katika kundi kubwa la watu wema, na wingi wa watu wema ndio uliowatuliza mioyo.

Wahenga walisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Mtoto aangaliwaye na wote haangaliwi na mtu. Basi, shikeni kanuni hizi.

Kila mtoto mdogo na awe na mlinzi mmoja, ajulikanaye kwa jina, na kila mlinzi ajue saa ya kazi yake. Mlinzi akitaka kwenda kuoga au kununua kitu, amkabidhi mtoto kwa mwingine kwa maneno, aseme, "Nakukabidhi mdogo wetu," wala asiondoke mpaka asikie, "Nimempokea." Ukimya si jibu.

Hesabuni watu kila mabadilikapo mahali: mtokapo nyumbani, mpandapo chombo, mshukapo, na mkaapo kula. Chagueni mahali pa kukutania, kama mti mkubwa, ambapo kila mtu aweza kupaona toka mbali. Mfundisheni mtoto jina lake kamili na jina la baba au mama yake, na akiweza, nambari ya simu ya nyumbani. Mwambieni kwamba akipotea asimame pale alipo, asizunguke. Mvisheni nguo ya rangi kali, ipate kuonekana katika umati.

Mwisho, rudini mapema, kabla wadogo hawajachoka kabisa. Mtoto aliyechoka hulia, na mwenye kumbeba hukasirika, na safari nzuri huharibika saa ya mwisho. Jamaa yetu iliondoka pwani saa 9. Katika feri ya kurudi, msichana wa miaka 11 aliambiwa na mama yake, "Mwanangu, nakukabidhi." Akajibu, "Nimempokea, Mama." Akamshika mdogo wake kwa kiganja mpaka Majengo.

Maswali

1. Kwa nini Baba aliiacha feri ya kwanza iende?
2. Mstari wa mwani mkavu wamwonyesha mtu nini?
3. Bamvua ni nini, na hutokea lini?
4. Maji yakijaa saa 9 alasiri siku ya Jumamosi, yatajaa yapata saa ngapi alasiri ya Jumapili?
5. Eleza kwa maneno yako methali, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," ukitumia habari ya mtoto wa miaka 4.
6. Andika majina ya wadogo zako wote. Mbele ya kila jina andika jina la mlinzi wake siku mtakayotoka, kisha wasomee wazazi wako.